Mstari Ambao Haukuwa wa Naitrojeni

Jumamosi mchana

Nau, baba yangu,

Wakya. Nakuamkia kutoka huku Norwei kwenye baridi, na namwamkia Mwaitu, mama yangu, pia, maana najua ni yeye aliyeshika karatasi hii karibu na dirisha akikusomea. Mwaitu, tafadhali usiruke mahali popote, hata pale utakapoona nimejisema vibaya. Mnaendeleaje hapo Kola? Mvua ya mwezi wa tatu imefika, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine? Mutua aliniambia mmepanda ndengu kwenye matuta ya juu, nikamwonea wivu kaka yangu kwa kushika jembe tu. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kimechoka, na macho, na zile sehemu zingine za mtu ambazo daktari hazipimi.

Jumapili iliyopita nilipokuambia kwa simu kwamba siji mwezi wa nne, ulinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha ukasema, "Niandikie. Simu inanipa nusu nusu, na mimi nusu sitaki." Ukampa Mwaitu simu. Yeye ndiye aliyeninong'oneza kwamba umekataa kwenda kutolewa mtoto wa jicho mpaka nifike. Basi naandika. Hii ndiyo nzima.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu miaka mitatu yote sijawahi kukueleza sawasawa. Nimekuwa nikisema nasomea mambo ya mwanga, nawe unawaambia watu kanisani kwamba binti yako anasomea stima.

Unakumbuka nikiwa darasa la tatu, ulipokuwa na kile kibanda cha kuchomelea mageti pale sokoni? Kila ulipotaka kuanza ulishusha kioo chako cheusi ukanipigia kelele, "Mwende, usiangalie!" Siku moja niliangalia. Nilijificha nyuma ya mabati nikaangalia mpaka ukamaliza geti zima. Jioni macho yakawa kama yamejaa mchanga, nikalia, Mwaitu akaniwekea vipande vya viazi baridi kwenye kope. Ulikaa kando ya kitanda ukaniambia, "Si ule mwanga uliouona uliokuchoma. Ni ule ambao hukuuona."

Huo ndio ninaousomea. Unaitwa urujuanimno. Uko mbele ya rangi ya zambarau, pale ambapo jicho la mtu limeishiwa nguvu.

Huku kaskazini, msimu wa baridi, anga huwaka rangi. Wanaita aurora. Vipande vidogo sana vya umeme, elektroni, vinaanguka kutoka huko juu sana vikagonga hewa, nazo gesi zilizomo zinawaka. Kila gesi iko na rangi zake na haiazimi za mwenzake. Oksijeni inatoa ile kijani ambayo watalii wanakuja kupiga picha. Lakini sehemu kubwa ya habari iko kwenye urujuanimno, na huo haufiki chini. Hewa inaumeza njiani. Ni vizuri iwe hivyo, la sivyo tungekuwa tunawekewa viazi machoni kila siku. Kwa hivyo ukitaka kuupima, lazima upande juu ya hewa. Kabla sijafika hapa walirusha roketi ikapita katikati ya aurora kwa dakika chache, ikarudi na mistari, mamia ya mistari, mingine minene, mingine hafifu kama unywele.

Kazi yangu ni kusema kila mstari ni wa nani.

Chini ya jengo letu kuna tangi la chuma lenye ukubwa wa mapipa mawili yale ya maji. Tunanyonya hewa yote iliyomo na pampu, tunaingiza gesi moja tu, kidogo sana, kisha tunairushia elektroni kutoka kwenye waya uliopashwa moto mpaka mwekundu. Ni aurora ndogo ndani ya tangi. Ukiingiza naitrojeni peke yake, unaona mistari ya naitrojeni peke yake, unailinganisha na ya roketi. Huu wako, huu si wako. Siku nzima, Nau, ndani ya chumba kisicho na dirisha, na miezi miwili ya mwaka hata ukitoka nje jua halipo.

Kulikuwa na mstari mmoja kwenye roketi ambao haukuwa na mwenyewe. Hafifu, umebanwa katikati ya mistari ya naitrojeni. Watu walikuwa wameutafuta kabla yangu wakauacha. Mwezi wa kumi na moja nikauona ndani ya tangi langu. Nilikuwa nimeingiza naitrojeni tu, na ule pale. Nilipiga kelele mpaka mzee Arvid, fundi wetu wa pampu, akaja mbio akidhani nimeungua. Profesa wangu, mama mmoja anaitwa Ingunn, aliangalia kwenye kompyuta, akaniangalia, akaenda mwenyewe kununua keki. Tukaandika makala. Jina langu likawa la kwanza. Makala ikakubaliwa. Nikaambiwa mwezi wa tatu nitasimama mbele ya mkutano mkubwa kuieleza, nitetee shahada yangu wiki mbili baadaye, na mwezi wa nne niko nyumbani. Ndiyo maana nilikuahidi. Sikuahidi hewa.

Sasa hapa ndipo Mwaitu asiruke.

Mwezi wa pili nilikuwa natayarisha picha za mkutano. Nilitaka moja nzuri zaidi, nikarudia kipimo, safari hii nikipunguza naitrojeni kwa nusu. Mistari yote ya naitrojeni ikashuka kwa nusu, kama inavyopaswa. Mstari wangu haukushuka. Ulibaki pale pale, Nau. Nikapunguza tena nusu. Wenzake wakafifia, wenyewe ukasimama kama mgeni asiyejua kwamba watu wa nyumba wameshaondoka.

Nilizima kila kitu nikakaa kwenye ngazi ya chuma. Arvid alikuwa pembeni anabadilisha mafuta ya pampu. Huyu ni mtu asiyeongea. Mwaka wangu wa kwanza tuliongea labda mara nne. Akaniuliza, "Kuna nini?"

"Huu mstari si wa naitrojeni."

Alipangusa mikono polepole. "Tangi lilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa kumi. Niliweka waya mpya."

"Ukalipasha siku ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangi likishafunguliwa, chuma kinanyonya unyevu na mafuta. Kabla ya kulitumia tena lazima ulizungushie mishipi ya moto ulipashe siku tano nzima, pampu zikinyonya, mpaka uchafu wote utoke. Siku tano. Mimi nilizima siku ya pili.

Ilikuwa wiki ile mliyomzika Susu. Sitaki kumsingizia nyanya yangu, hata angekuwa hai angenichapa kwa hilo. Lakini nakueleza ilivyokuwa. Siku ya kuweka waya glavu yangu ilipasuka kwenye kidole, nikaona, nikasema nitabadilisha, sikubadilisha. Kesho yake Mutua alinishikia simu juu ya kaburi nikawaona nyote, nikakuona wewe ukitafuta udongo kwa mkono kwa sababu hukuuona vizuri. Baada ya hapo sikuweza kukaa kwenye chumba kile kusikiliza mishipi ya moto ikivuma. Nilitaka kazi iishe. Nilitaka kuja. Nikajiambia siku mbili zinatosha.

Arvid alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mafuta ya kidole. Waya wa moto unayapika. Unajua yanatoa nini?"

Nilijua. Ni ile gesi ya jiko la makaa, Nau. Ile ile inayoua watu wakilala wamefunga madirisha. Kidogo sana, isingemdhuru hata panya, lakini inatosha kuwaka. Nilitafuta chupa yake kwenye kabati, nikaingiza tone tu ndani ya tangi, na mstari wangu mzuri ukasimama mrefu kuliko mistari yote, mahali pale pale. Na ule wa roketi? Ulikuwa umekaribiana nao vya kutosha kumdanganya mtu anayetaka kudanganywa. Nilipopima sawasawa, hata haikulingana kabisa.

Nilirudia mara kumi na moja. Nilikuwa naomba nikosee.

Arvid alipochukua koti lake jioni ile alisimama mlangoni. "Mimi ni fundi wa pampu," akasema. "Karatasi zenu sisomi." Akaenda. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananipa nafasi ya kunyamaza au ananiambia mzigo ni wangu. Sijamuuliza.

Nilinyamaza siku nne. Nakuambia kwa sababu uliniambia nusu hutaki. Siku nne niliingia kazini, nikasalimia watu, nikala mkate wangu, nikarudi. Nilijiambia hakuna atakayejua. Nilijiambia mstari ni mmoja kati ya mamia. Nilihesabu wiki zilizobaki mpaka tarehe ya jicho lako. Usiku usingizi ulikuja vizuri kabisa na hilo ndilo lililonitisha, kwamba mtu anaweza kubeba kitu kama hicho na bado akalala. Lakini mchana nilikuwa nachoka bila kufanya kazi. Kupanda ngazi tu nilichoka. Kucheka mtu akinitania nilichoka. Siku ya nne Profesa aliniletea tiketi yangu ya mkutano mkononi, na badala ya kusema asante nikasema, "Tafadhali funga mlango."

Nilimweleza yote, glavu, siku mbili, gesi ya jiko. Alivua miwani akaishika tu.

"Una uhakika?"

"Niko na uhakika. Mara kumi na moja."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa."

"Leo ni Jumanne."

"Ndiyo."

Hakunigombeza, Nau. Ningependa angenigombeza. Aligeukia kompyuta, na mbele yangu akawaandikia wenye jarida kwamba makala irudishwe, kosa ni la kipimo chetu. "Chetu," aliandika. Nikamwambia ni changu. Akasema bila kugeuka, "Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza lilipashwa siku ngapi. Nilinunua keki badala yake." Kisha akanitajia yanayofuata, moja baada ya lingine, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Mkutano hakuna. Vipimo vyote vya tangu mwezi wa kumi vitarudiwa, sio vya naitrojeni tu, hata vya oksijeni. Shahada itasogea mpaka mwisho wa mwaka. Nikiondoka sasa nafasi ya tangi inapewa mwingine.

Nilitoka pale nikanunua viazi dukani kwa sababu ilikuwa Jumanne na Jumanne nanunua viazi. Kwenye kituo cha basi nikaona watu wawili watatu wameinua vichwa. Ilikuwa saa moja jioni na giza limeshaingia. Ile aurora ilikuwa imetanda kutoka mlima huu mpaka ule, kijani, pindo lake la chini limeguswa na rangi kama ya waridi. Hiyo ya waridi ni naitrojeni. Inatembea, Nau, inajikunja kama shuka kwenye kamba upepo ukipita. Bibi mmoja pembeni yangu hakuangalia kabisa, alikuwa anatafuta kadi yake ya basi. Mimi niliangalia mpaka shingo ikauma. Miaka mitatu nimekuwa nikiihesabu kwa mistari, na siku hiyo nikaiangalia kama mtu tu. Sikujua kama ninalia mpaka baridi ilipoanza kuniuma mashavuni.

Tangu hapo ni kazi. Nilifungua tangi, nikasafisha kila skrubu, glavu moja juu ya nyingine. Nikalipasha siku tano, zikaisha, Arvid akasema ongeza moja, nikaongeza. Niliporudisha naitrojeni mstari haukuwepo. Nilitegemea nitahisi kitu, furaha au uchungu. Nikaosha kikombe changu nikaandika kwenye daftari: haupo. Ule wa roketi bado hauna mwenyewe. Labda ni moshi wa mafuta ya roketi yenyewe, labda ni kitu tusichokijua. Nitakaporudi nyumbani mtu akiniuliza niligundua nini, nitasema niligundua kwamba si naitrojeni.

Sasa wewe. Mwaitu anasema ulimwambia daktari kwamba binti yako amesomea mwanga, na hakuna kuguswa jicho mpaka awe amesimama hapo. Nau, mimi sijui lolote la macho. Nikiwa kwenye chumba hicho ningeshika tu kofia yako. Na nakujua. Unangoja kwa sababu unaogopa, na unaona aibu kuogopa mbele ya Mutua. Mimi nilikuwa na haraka ya kuja, na haraka hiyo ndiyo iliyoniharibia miezi mitano. Wewe una jicho moja lililofifia na lingine lililolifuata, na unakaa nayo kwenye kiti ukingoja ndege ambayo sijaipanda. Tafadhali nenda na Mutua. Kama unahitaji mtu wa kumkasirikia, nikasirikie mimi, niko mbali na sitakujibu.

Msalimie Mutua, na mke wake Ndunge aliyeanza kunitumia picha za ndengu. Msalimie Shangazi Katunge, dada yako, umwambie sweta yake ndiyo ninayoivaa ndani ya sweta zingine. Mzee Hassan jirani yako wa sokoni, yule wa mbuzi, mwambie hata huku mbuzi wapo, lakini wamefuga nywele. Na mchungaji, mwambie si stima.

Binti yako anayekuomba,
Mwende

Alhamisi

Bahasha ilikuwa bado juu ya meza. Sikuwa nimepata nguvu ya kwenda posta, na sasa nashukuru kwa uvivu wangu, kwa sababu nimeifungua niongeze.

Jana Mutua alipiga simu nikiwa nalishusha tangi joto. Nikaona jina lake wakati ambao hapigi, nikaishika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Ngoja, kuna mtu." Ukaja wewe. Kumbe Jumatatu asubuhi ulivaa koti lako la kanisani, ukamwamsha Mutua ukamwambia twende mjini kabla sijabadilisha mawazo. Hukungoja barua. Sijui ni nini kilichokuamsha, na hukuniambia. Nilipokuuliza ulisema tu, "Ulisema huji. Basi nilikuwa nangoja nini?"

Wakakutoa bandeji ya jicho la kulia Jumanne, jana ukaniita.

"Mwende, hii nyumba Mutua aliniambia amepaka rangi."

"Ndiyo, Nau, Krismasi."

"Ameacha kona zote nne."

Nikamsikia Mutua nyuma akicheka na kujitetea kwamba rangi iliisha. Nilicheka pia, Nau, nikalazimika kukaa kwenye ile ngazi ya chuma. Nikakungoja uendelee kumtania. Hukuendelea. Laini ilikuwa haijakatika, nilisikia kuku.

Kisha ukasema, si kwangu, "Mbona umekonda hivyo?"

Mwaitu akajibu haraka, "Mimi niko sawa."

"Sijakuuliza uko sawa. Nimekuona."

 Mutua akachukua simu akasema atanipigia, hajapiga.

Sasa nakuandikia wewe peke yako, kwa sababu sehemu hii unaweza kuisoma bila msaada, na nikimpa Mwaitu ataniambia ni joto, ni kazi ya shamba, ni umri. Mimi kwenye simu namwona uso tu, na kila akipiga amejifunga leso mpaka kidevuni. Nilidhani ni baridi ya asubuhi. Mutua anamwona kila siku, na anayemwona mtu kila siku haoni akipungua. Ni wewe pekee uliyekuwa hujamwona, karibu mwaka mzima, kwa hivyo ni wewe pekee unayejua alivyokuwa na alivyo. Usikubali akuambie umesahau.

Mpeleke, Nau. Wiki hiyo hiyo utakayoipata barua hii. Hospitali ile ile, wapime damu, wapime kila kitu, na ukae kwenye benchi hapo nje na koti lako la kanisani mpaka watoke na jibu. Likiwa dogo mnipigie. Likiwa kubwa mnipigie siku hiyo hiyo, nami nitaliacha tangi, wampe wanayetaka. Msininong'oneze, na msinipe nusu.

Kesho naingiza oksijeni. Nimechoka, lakini si kama nilivyochoka mwezi wa pili. Huu wa sasa mtu akilala unapungua.

Mwende wako